Mtandao wa seva unakatakata: namna ya kuunasa

Seva iliyozimika kabisa haina shida kubwa, ugonjwa wake unauona. Inayotesa ni ile inayokatika dakika tatu, ikarudi yenyewe, na ukifika wewe kila kitu kinafanya kazi. Watu wa ofisini wanakuambia "sasa hivi tu ilikuwa haishiki", na wanasema kweli. Tatizo la namna hii linataka ushahidi wenye saa. Usiwashe seva upya wala usibadilishe waya kabla hujaweka mlinzi, kwa sababu ukianza kugusagusa unazipoteza dalili, kisha linarudi wiki ijayo nawe huna pa kuanzia.

Mifano hii ni ya Ubuntu au Debian. Kadi ya mtandao ni eno1, seva ni 192.168.1.10, ruta ni 192.168.1.1. Amri `ip a` itakuonyesha za kwako.

Hatua ya 1: Weka mlinzi

Mlinzi ni ping, amri inayoiita mashine nyingine tena na tena na kuandika kama imejibu. Andika hizi ukiwa kwenye seva yenyewe:

```
nohup ping -D -O 192.168.1.1 > ruta.txt &
nohup ping -D -O 192.168.1.20 > jirani.txt &
nohup ping -D -O 1.1.1.1 > nje.txt &
```

Hiyo 1.1.1.1 ni mashine ya mbali kwenye intaneti. Hiyo 192.168.1.20 iwe mashine yoyote isiyozimwa, iliyochomekwa kwenye swichi moja na seva, yaani kisanduku kimoja cha kuunganishia waya. Hakikisha kwanza inajibu, maana kompyuta nyingi za Windows hukataa ping. Ziache amri hizo zifanye kazi siku nzima, halafu tafuta mapengo, yaani nyakati ambazo hakuna jibu, katika kila faili. Kwa mfano:

```
grep -E "no answer|Unreachable" ruta.txt | head
```

Hatua ya 2: Soma saa kwa makini

Mwanzoni mwa kila mstari kuna namba ndefu, yaani sekunde tangu mwaka 1970. Igeuze:

```
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d @1718000000
```

Utapata 09:13, ambayo kwetu ni saa tatu na dakika 13 asubuhi. Hapa wengi huteleza. Seva nyingi zimewekwa saa ya UTC (saa ya kimataifa), iliyo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo tukio hilohilo kwenye logi zake (kumbukumbu za matukio) litaandikwa 06:13. Mhasibu anasema "saa tatu", logi inasema 06, simu yako inasema 09, na zote zinazungumzia dakika moja. Andika saa zote kwa mtindo mmoja kabla ya kulinganisha.

Hatua ya 3: Jua pengo liko wapi

Ikiwa nje.txt peke yake ina mapengo, seva yako haina kosa. Chukua faili hilo, mpelekee anayekupa intaneti. Ikiwa jirani anajibu na ruta hajibu, kagua ruta na waya wake. Yote matatu yakikatika kwa pamoja, mara nyingi shida iko kwenye seva, waya wake au swichi (hasa poti, tundu ambalo waya wa seva umechomekwa).

Hatua ya 4: Waya na kadi

```
sudo ethtool eno1
ip -s -s link show eno1
sudo journalctl -k | grep -i "link is"
```

Angalia Speed (kasi). Kadi ya 1000Mb/s inayoonyesha 100Mb/s mara nyingi inakuambia waya umeumia: kasi ya 1000 inahitaji jozi zote 4 za nyuzi, ya 100 inatosheka na 2. Ukiona Duplex: Half (kutuma na kupokea kwa zamu), huenda swichi imelazimishwa mpangilio fulani huku kadi ikiachwa ijichagulie. Ping ndogo itapita vizuri, lakini faili kubwa litajikokota. Ziache pande zote mbili zijichagulie. Kama namba ya crc (data iliyofika imeharibika) inapanda kila ukiangalia, badilisha waya kwanza, ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Hatua ya 5: Anwani moja, vifaa viwili

Hii naipa uzito kwa sababu imewahi kunila siku nne. Taa ya kadi inawaka, hakuna hitilafu hata moja, lakini seva inapotea. Mapengo yote yalianza baada ya saa mbili na nusu asubuhi, na usiku kucha kimya. Nani huja saa mbili na nusu? Wafanyakazi. Nao huwasha nini? Printa, ambayo ilikuwa imepewa anwani ileile ya seva. Mara nyingi kompyuta humwamini aliyejibu mwisho, ndiyo maana mmoja anaipata seva na wa meza ya pili haipati. Pima ukiwa kwenye seva yenyewe, katika muda ambao tatizo lipo:

```
sudo arping -D -c 3 -I eno1 192.168.1.10
```

Likija hata jibu moja, kuna kifaa kingine kinachotumia anwani hiyo. Jibu litakupa MAC yake, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Kipe kifaa hicho anwani nyingine, kisha itoe anwani ya seva kwenye zile ambazo ruta inagawa.

Hatua ya 6: Ping haikatiki, watu bado wanalalamika

Kwa seva yenye wateja wengi, tafuta maneno haya:

```
sudo dmesg | grep "table full"
```

Ukiona `nf_conntrack: table full, dropping packet`, ngome (firewall) ya seva imejaza daftari lake la miunganisho na inatupa pakiti, yaani vipande vya data. Ongeza `net.netfilter.nf_conntrack_max`. Tovuti ikichelewa sekunde 5 kisha ikafunguka, tazama /etc/resolv.conf: huenda seva ya kwanza ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) imekufa na kila ombi linaisubiri. Na SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) inayoganda ukienda kunywa chai, ikiwa ping haina pengo, mara nyingi ni ruta iliyousahau muunganisho uliokaa kimya. Weka `ServerAliveInterval 60` kwenye ~/.ssh/config ya kompyuta yako.

Hatua ya 7: Rekebisha kimoja, mwache mlinzi

Badilisha kitu kimoja kwa wakati na uandike saa uliyokibadilisha. Kama ilikuwa inakatika kila siku, subiri siku tatu za kazi zipite bila pengo ndipo uandike `pkill ping`.