Namna ya kung'olewa jino ikiwa unamwogopa daktari wa meno

Anayeogopa kung'olewa jino huanza na karafuu, akahamia kwenye dawa za maumivu, kisha akazoea kutafunia upande mmoja na kulala na kitambaa cha maji ya moto shavuni, huku akijiambia kwamba wiki ijayo atakwenda. Mimi niliishi hivyo miezi mitano kwa sababu ya gego moja la chini, upande wa kushoto. Karafuu si uzushi: mafuta yake yana yujenoli, ambayo kweli hutia ganzi kidogo, ila haitibu chochote. Kuna wanaodondoshea hata maji ya betri kwenye tundu la jino. Hiyo ni tindikali, na huunguza fizi, ulimi na koo. Tahadhari zaidi na siku ambayo maumivu yatakoma yenyewe bila tiba, kwa kuwa mara nyingi maana yake ni kwamba kiini cha jino kimekufa, na kinachofuata kimyakimya ni usaha.

Hapo ndipo penye jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema. Dawa ya ganzi hushika vizuri kwenye nyama isiyo na uambukizi, lakini mahali palipojaa usaha huwa na asidi nyingi, na asidi hiyo huidhoofisha dawa isipenye ipasavyo kwenye mishipa ya fahamu. Kwa hiyo anayechelewa kwa kuogopa maumivu ndiye anayekuja kuumia kweli, kisha hadithi yake huwatisha wengine kumi. Nenda jino likiwa linauma kwa vipindi, kabla shavu halijavimba. Ikiwa limekwisha kuvimba, nenda vilevile. Daktari ataamua kama aanze kwa kutoa usaha, akuandikie dawa au aling'oe siku hiyohiyo.

Omba nafasi ya asubuhi, ili usikae kutwa nzima ukijitisha, na kula kabla ya kutoka nyumbani. Wengi hufunga kwa kudhani kwamba ni upasuaji wa kulazwa usingizi, kumbe kwa ganzi ya sehemu njaa ikichanganyika na hofu ndiyo inayomwangusha mtu kwa kizunguzungu. Ikiwa umeambiwa kwamba utapewa dawa ya usingizi, hapo fuata masharti ya kufunga utakayopewa.

Ukiingia chumbani, sema hofu yako kabla hujaketi, kwa maneno ya kawaida: «Daktari, mimi naogopa sana, naomba unieleze kila hatua kabla hujaifanya, na nikiinua mkono wa kushoto, usimame.» Hakuna aibu katika maneno hayo, kwani daktari wa meno huwaona waoga kila siku, na anayesema humrahisishia kazi kuliko anayenyamaza kisha akamshika mkono wenye sindano. Mweleze pia kama una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito au mzio wa dawa, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo hupaswi kuziacha kwa uamuzi wako mwenyewe.

Sindano ndiyo sehemu tunayoiogopa zaidi, nayo ni fupi kuliko tunavyoiwaza. Fumba macho, vuta pumzi polepole kwa pua, kisha kandamiza nyayo zako kwenye kiti mpaka dawa iishe kuingia. Ganzi nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili ikae kwa muda mrefu, hivyo moyo unaweza kudunda kwa nguvu kwa dakika moja au mbili. Usidhani umeshikwa na jambo baya, ingawa ukijisikia vibaya sema. Kwa gego la chini, nusu ya mdomo wa chini na upande wa ulimi huanza kuchonyota, kisha hujihisi vinene kana kwamba si vyako. Daktari atakuchoma-choma fizi kwa chuma chembamba na kukuuliza kama unasikia maumivu. Jibu ukweli. Mimi nilisema kwamba imeshika ilhali haijashika, kwa haya tu na kwa kutaka yaishe upesi, na chuma kilipoingia niliruka. Nikainua mkono, akasimama, akaniongeza dawa, tukasubiri tena kama dakika kumi. Baada ya hapo sikusikia maumivu.

Nilisikia mambo mengine, na ni vyema uyajue mapema. Ganzi huondoa maumivu lakini haiondoi hisia ya kusukumwa, kwa hiyo taya litakandamizwa na kichwa kitatikiswa. Daktari havuti jino kama msumari. Hulilegeza kwanza, kisha hulishika kwa koleo na kulilaza huku na huku mpaka tundu lipanuke. Utasikia mlio wa kukwaruza au kukatika, ambao huonekana mkubwa kwa sababu unapita kwenye mfupa hadi sikioni. Pengine jino lenye mizizi iliyopinda hukatwa vipande kwanza, nalo ni jambo la kawaida. Na yale maneno ya mtaani kwamba kung'oa jino la juu hupofusha macho hayana msingi: mshipa wa fahamu wa jino siwo unaoleta nuru ya jicho.

Ukitoka, ng'ata shashi uliyowekewa kwa dakika 30 hadi 45 bila kuichungulia. Bonge la damu linaloganda ndani ya tundu ndilo kidonda kinapoponea, kwa hiyo kwa saa 24 usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara wala kuweka ugoro. Kunywa uji uliopoa, na angalia usijing'ate mdomo wenye ganzi. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa kabla ganzi haijaisha. Aspirini iache, isipokuwa daktari wako wa moyo ndiye aliyekuandikia. Kuanzia siku ya pili, sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, kila baada ya kula.

Mate ya rangi ya waridi siku ya kwanza si tatizo. Damu ikijaa mdomoni, kunja shashi au kitambaa safi, ng'ata kwa nusu saa ukiwa umekaa wima, na isipokata rudi hospitali. Uvimbe unaoshuka shingoni, homa, au kushindwa kumeza au kupumua vizuri si vya kusubiri hata usiku. Maumivu yanayozidi siku ya tatu, yakipanda hadi sikioni pamoja na harufu mbaya, kwa kawaida huonyesha kwamba lile bonge limetoka. Daktari atasafisha tundu na kulitia dawa, ambayo mara nyingi huwa na yujenoli ileile, kwa hiyo utarudi nyumbani ukinuka karafuu.

Baada ya miezi mitatu, panga kurudi kwa kusafishwa meno tu, siku ambayo hakuna kinachouma wala kinachong'olewa. Mimi nilirudi, vidole vyangu vilikamata kiti muda wote, ila mkono wa kushoto sikuuinua.