Anza na picha mbili, si moja

Mara ya kwanza kuchora ramani ya matumizi ya ardhi, nilipakua picha moja tu ya setilaiti, ya kiangazi, nikayachora mashamba yote yaliyopumzishwa kama ardhi tupu. Ndiyo maana nakusihi uchukue picha mbili za eneo lilelile: moja mazao yakiwa yamestawi, nyingine baada ya mavuno.

Setilaiti ya Sentinel-2 inatosha. Picha zake ni bure, hupita kila baada ya siku 5 hivi, na pikseli yake, yaani kila kimraba kidogo cha picha, ni mita 10 kwa 10. Chagua siku isiyo na mawingu, fungua picha kwenye QGIS, programu ya ramani, kisha kokotoa NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea: bendi ya 8 (mwanga wa infraredi) toa bendi ya 4 (mwanga mwekundu), gawanya kwa jumla ya bendi hizo mbili. Karibu na 1 ni majani tele. Udongo mtupu hukaa juu kidogo ya 0.

Sasa linganisha. NDVI ya msitu wa kijani kibichi haibadiliki sana, ya shamba la mahindi huporomoka. Malisho ndiyo hunisumbua zaidi, kwa hiyo natazama maumbo: vijia vya mifugo hukutana penye maji, shamba huwa na kingo zilizonyooka.

Shamba la robo ekari ni pikseli kama 10 tu, na za pembeni zimechanganyika na njia au uzio. Usiamue ni shamba la nini ukiwa mezani. Nenda na simu yenye GPS, simama katikati yake, umuulize mkulima alipanda nini msimu ule wa picha.