Vitabu vya kusoma kabla hujabeba begi kuingia porini, kwa tunaoanzia Kigoma

Wadau, kiangazi kikikaribia watu wanaulizana begi gani, hema gani, viatu gani, ila vitabu hakuna anayeulizia, na mimi naona hapo ndo pa kuanzia. Ila visomwe kwa kazi. Shika kalamu, kila ukurasa uwe unatafuta mambo manne tu: maji waliyapata wapi, miguu ilikuwaje, mzigo alibeba nani, njia aliijua nani. Mengine yaache yapite.

Anza na vya Kiswahili, tunavyo jamani. Kuna Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, kaeleza mwenyewe kwa maneno yake, Tabora hii hii na ziwa hili hili vimo humo. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, hilo usilisahau hata mstari mmoja, ila kwa mtu anayetaka kujua msafara ulitembeaje, ulikula nini, ulikwama wapi, sijaona kinachokizidi. Kingine ni Safari za Wasuaheli, alikikusanya Mjerumani Carl Velten kikachapwa 1901, humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo lakini ukisoma kwa sauti kinaingia vizuri tu.

Halafu The Last Journals of David Livingstone, kilitoka 1874 na unakipata bure kwenye intaneti. Wengi wanaruka moja kwa moja kwenye ule mkutano na Stanley pale Ujiji 1871, mimi nasema soma sehemu ya Bambarre, huko Manyema, Kongo ya leo, mwaka 1870. Mzee alishatembea sana kwenye matope na mvua, miguu ikatoka vidonda, kila akikanyaga chini vinatoa majimaji yenye damu, akalala kwenye kibanda wiki baada ya wiki hawezi kwenda popote. Soma kurasa hizo taratibu, af nenda kaangalie soksi zako. Jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, vaa soksi kavu za kulalia, na lengelenge likianza kuwasha simama hapo hapo ulifunge usisubiri mpaka kambini. Na alipofika Ujiji akakuta vitu vyake vilivyotangulizwa vimeshauzwa vyote, kwa hiyo chakula cha kukufikisha salama kiwe mgongoni kwako.

Kwa ufundi wa begi lenyewe kuna The Complete Walker cha Colin Fletcher, cha 1968. Kakipanga kama nyumba: msingi, kuta, jiko, chumba cha kulala, maana unachokibeba ndo nyumba yako. Kaandikia Marekani, hivyo mambo ya theluji ruka, vifaa vingi pia vimepitwa na wakati, ila jinsi anavyopigania kila gramu hiyo haijachakaa hata kidogo. Ambacho hutakikuta humo ni ndorobo wa miombo yetu, hao wanavutwa sana na nguo za bluu na nyeusi, vaa kaki au rangi ya majani makavu.

Ukienda Gombe au Mahale soma In the Shadow of Man cha Jane Goodall, 1971. Alifika Gombe Julai 1960, na kinachofundisha ni uvumilivu, anakaa kilimani na darubini siku baada ya siku sokwe wakimkimbia, mpaka wanamzoea. Na kingine nasisitiza, ukiwa na mafua ahirisha, sokwe wanaambukizwa na sisi na wanakufa.

Cha kubeba kabisa ni Mahali Pasipo na Daktari. Kama ni kizito piga picha kurasa za kuhara, majeraha na kuumwa nyoka, af hii ya maji ya kunywa ukiharisha iandike kwenye karatasi: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi usizidishe. Kwa nyoka na watambaazi wengine kuna Reptiles of East Africa cha Spawls na wenzake, kitakuonyesha mpaka yule swila wa majini wa Tanganyika, anakula samaki na hana shida na mtu ila usimshike.

Vile vinene visomee kwenye treni, Tabora mpaka Kigoma muda upo wa kutosha. Kitakachoingia porini kiwe kimoja, ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa sababu boti za Kibirizi zinarusha maji na karatasi ikilowa ndo basi. Vya kwenye simu vishushe ukiwa mjini bado, ukishaupita mji netiweki inaanza kusumbua, na chaji itunze kwa ajili ya dharura kwanza.