Bando "waja leo waondoka leo"? Fanya haya kabla hujaenda kugombana na kampuni

Watu wa Tanga tumeshazoea kutaniwa waja leo waondoka leo, sawa, ila bando la intaneti la mwezi, lile la waifai ya nyumbani, nalo likianza tabia hiyo lazima presha ipande. Umejiunga Jumatatu, Alhamisi meseji imeingia, kifurushi chako kimekwisha. Wengi hapo wanapiga 100, wanasikilizishwa mziki weee, wakipokelewa wanafoka, dada wa huduma kwa wateja anawajibu "mfumo unaonyesha umetumia" na mchezo umeishia hapo. Na kwa kweli kama huna namba hata moja mkononi utabishana na nini? Yeye ana mfumo, wewe una hasira.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, na hapa ndo watu wanajiharibia, USIBADILISHE paswedi ya waifai kwanza. Najua mkono unawasha lakini subiri, maana ukibadilisha tu vifaa vyote vinadondoka na ushahidi unapotea. Kwanza ingia ndani ya rauta, kile kifaa kinachogawa waifai, upige picha. Unafungua brauza kwenye simu iliyounganishwa na waifai hiyo hiyo, unaandika 192.168.8.1 au 192.168.1.1 au 192.168.0.1, geuza rauta utaona stika chini imeandikwa ipi ni ya kwako na paswedi yake ya kuingilia. Ukishaingia tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa na sehemu ya takwimu inayoonyesha data iliyoshuka na iliyopanda. Piga skrinishoti zote, saa ya simu ionekane juu.

Mama mmoja ana nyumba ya wageni kule Chumbageni alikuwa analia GB zake zinaibiwa na kampuni, nikafungua orodha yake mbele yake. Yeye anasema nyumbani kuna simu tatu na TV ya sebuleni. Kwenye orodha kumejaa Redmi, Tecno, itel, mpaka laptopu. "Hii laptopu ya nani mwanangu?" Sasa mimi nitajua wapi mama! Paswedi kaibandika ukutani pale mapokezi tangu amenunua rauta, kila mgeni aliyewahi kulala pale anayo, na simu za Android siku hizi aliyeunganishwa anaweza kumgawia mwenzake kwa kuonyesha ile alama ya kuskani tu, kwa hiyo hata vijana wanaokaa kibarazani nje walikuwa ndani. Ila msikimbilie kuhesabu wezi, simu nyingi za sasa zinajificha kwa anwani ya kubahatisha, simu moja inaweza kutokea kwenye orodha mara mbili tatu. Zima waifai za simu zenu moja moja uangalie nini kinapotea, kinachobaki ndo cha kuuliza.

Picha ukishapata, sasa funga. Kuna paswedi mbili na watu wanabadilisha moja tu: ya waifai, na ile ya kuingilia kwenye rauta yenyewe ambayo mara nyingi imebaki admin admin kama ilivyotoka kiwandani, yeyote aliyeunganishwa na waifai yako akiwa nayo hiyo anaingia anaisoma ya waifai na hata kuibadilisha. Badilisha zote, kwenye aina ya ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika paswedi. Kama una wageni washa mtandao wa wageni wenye paswedi yake, ubadilishe wakiondoka. Basi.

Upande wa laini nako kuna milango. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ukikuta usiyoijua nenda duka la kampuni husika wakaifute. Weka PIN kwenye laini yenyewe, sio kwenye simu tu, maana mtu akichomoa laini akaiweka kwenye kiswaswadu chake anapokea namba zako zote za uthibitisho na anaingia kwenye akaunti yako kama mwenyewe, halafu kumbuka bando siku hizi linahamishika, dakika moja tu GB zako zipo kwa mtu mwingine na kampuni itasema ukweli kabisa kwamba umehamisha wewe. Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa namba nyingine, zikiwa zinaelekezwa piga ##002# kufuta. Na namba ya uthibitisho haitajwi kwa mtu, hata ajitambulishe ni wa kampuni na ana jina lako lote mpaka la babu. Akikupigia wa hivyo ripoti namba yake kwa kuituma kwenda 15040.

Haya, tuje kwenye hesabu ambayo ndo silaha yako. Kasi ya Mbps 1, yaani megabiti moja kwa sekunde, ikikimbia saa nzima bila kupumzika inatoa MB 450. Hiyo haibishaniwi, biti 8 ni baiti 1, zidisha sekunde 3,600. Kwa hiyo pima kasi yako, ya kushuka na ya kupanda, zote zinahesabiwa kwenye bando. Tuseme unapata 10 kushuka na 3 kupanda, jumla 13, mara 450 ni karibu GB 5.85 kwa saa. Kampuni ikisema kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri umetumia GB 38, kwa kasi hiyo kwa saa tano hata kila kifaa kingefanya fujo usingevuka GB 29 na kitu. Ila pima kasi muda ule ule wa usiku, mchana mtandao wa mjini umejaa na usiku unaweza kuwa mara mbili, ukienda na kipimo cha saa nane mchana watakukata kiulaini.

Na pia kuna siri moja kwenye rekodi zao. Matumizi mara nyingi yanaandikwa pale muunganisho unapofungwa au kila baada ya muda fulani, kwa hiyo GB zinazoonekana saa tisa usiku zinaweza kuwa za tangu jioni. Usiulize "nimetumia ngapi", uliza kila muunganisho ulianza saa ngapi, ukaisha saa ngapi, ukashusha na kupandisha kiasi gani. Hapo yule mama ndo alipopata mwanga, TV ya sebuleni ilikuwa inaachwa inacheza video mpaka asubuhi kwa ubora wa 1080p, hiyo peke yake ni kama Mbps 5, yaani GB 2 na zaidi kila saa, hakuna anayeangalia. Hata hivyo alipojumlisha bado kuna GB hazikuwa na mwenyewe, na hizo alirudishiwa.

Kwenye simu nenda mipangilio, matumizi ya data, weka tarehe ya kuanza ifanane na siku uliyojiunga, la sivyo unalinganisha chungwa na embe. Cheki hasa bekapu ya picha, apdeti za apu zinazojiendesha, na WhatsApp inayoshusha video za kila kundi la harusi. Kompyuta ya Windows iambie muunganisho ni wa kupimwa (metered connection), vinginevyo inashusha apdeti na inaweza hata kuwapandishia wengine.

Malalamiko yaandike, simu ya mdomo haiachi alama. Barua pepe au dukani, udai namba ya malalamiko. Taja tarehe, salio kabla na baada, picha za rauta, hesabu yako. Taja pia kwamba mwaka 2021 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, iliagiza mteja ataarifiwe kifurushi kikifika asilimia 75 na kikifika 100, na asikatwe nje ya kifurushi bila ridhaa yake, kwa hiyo kama meseji ya 75 hukuiona sema hivyo, ila kwanza kagua usije ukawa umeifuta mwenyewe. Wakikunyima rekodi zako kumbushia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inakupa haki ya kupata taarifa zinazokuhusu. Wakikuzungusha, peleka TCRA ukiwa na ile namba ya malalamiko, bila hiyo utaulizwa kwanza kama ulianzia kwa mtoa huduma.

Na wakikubali kurudisha GB, kabla hujakata simu uliza zinaisha lini na zinatumika saa zipi, maana bando la fidia la usiku tu au la saa 24 kwa mtu aliyepoteza la mwezi hapo bado hamjamalizana.