Jinsi ya Kuanza Michezo ya Video ya Kijapani kwa Mchezaji Aliyezoea ya Magharibi

Wachezaji wengi wa Afrika Mashariki wamekwisha kucheza mchezo wa Kijapani bila kuuhesabu hivyo. Pro Evolution Soccer, iliyotawala vibanda vya PlayStation kwa miaka mingi, ni kazi ya kampuni ya Konami ya Tokyo, na Tekken ilibuniwa na Namco, jirani yake wa jiji hilo hilo. Hata hivyo, kwenye soka na ngumi tofauti ya utamaduni haionekani sana. Huonekana pale mtu aliyezoea Grand Theft Auto, Skyrim au Call of Duty anaponunua mchezo wa masimulizi kutoka Japani, akaucheza kwa saa mbili, kisha akauweka kando akilalamika kwamba unakwenda polepole, una maneno mengi na haumpi uhuru. Mwongozo huu unamhusu mtu huyo.

Jambo la kwanza ni kubadili kipimo. Michezo ya Magharibi ambamo mhusika hupanda ngazi kwa ngazi imetokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ambamo marafiki huketi pamoja, kila mmoja hujitungia mtu wake, na msimulizi hulazimika kufuata uamuzi wowote watakaoufanya. Ndiyo maana Skyrim ya mwaka 2011 hukuachia uchague asili, sura na silaha, wala haikusumbui ukiwasahau majoka yanayoteketeza nchi na kushinda kutwa ukiiba vyombo katika nyumba za watu. Japani ilipokea mbegu hiyo hiyo, lakini ikaipanda kwenye udongo wake. Yuji Horii, aliyekuwa akiandika katika jarida la katuni la Shonen Jump, alizipenda Wizardry na Ultima, michezo miwili ya Kimarekani ya mwaka 1981 iliyohitaji kompyuta na subira nyingi. Yeye alitaka kuwafikia watoto wenye Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983 iliyounganishwa na televisheni na kuongozwa kwa vitufe vichache tu. Dragon Quest yake, iliyotoka tarehe 27 Mei 1986 ikiwa na mazimwi yaliyochorwa na Akira Toriyama na muziki wa Koichi Sugiyama, iliondoa hesabu nyingi na kubakiza safari moja inayosimuliwa vizuri. Toleo la tatu lilipoanza kuuzwa siku ya Jumatano mwezi Februari 1988, wanafunzi walitoroka shule ili kupanga foleni, na polisi wakawakamata mamia yao. La nne likauzwa Jumapili.

Kutokana na chimbuko hilo, mchezo mwingi wa Kijapani haukuulizi ungependa kuwa nani. Katika Final Fantasy VII ya mwaka 1997 yumo mhusika anayeuawa katikati ya safari, na hakuna uamuzi wala silaha inayoweza kumwokoa, kwa hiyo swali la mchezaji kwamba amekosea wapi halina mahali hapo. Mchukulie mhusika mkuu kama mtu unayemsindikiza, mwenye jina lake, haya zake na mambo asiyopenda kuyasema. Uhuru wako umo kwingine: katika namna unavyopanga kikosi, unavyochanganya silaha na uchawi, na unavyotumia muda. Anayeutafuta kwenye mazungumzo na matawi ya hadithi atachoka mapema, na atakuwa amejichosha mwenyewe.

Chaguo la mchezo wa kwanza lina uzito kuliko mawaidha yote yanayofuata. Anayetaka kuuona mkondo mkuu katika hali yake safi aanze na Dragon Quest XI S, ambayo ina sehemu ya majaribio ya bure inayochezwa kwa saa nyingi, mapigano ya zamu yasiyomharakisha mtu, na hata namna ya kucheza kwa picha bapa za kizamani. Mimi lakini ningempa mchezaji wa Grand Theft Auto kitu kingine: Yakuza 0 ya kampuni ya Sega, iliyotoka Japani mwaka 2015 na kufika Magharibi mwaka 2017. Hadithi yake imewekwa Desemba 1988, wakati uchumi wa Japani ulipokuwa umevimba na kipande kidogo cha ardhi mjini kikauzwa kwa bei ya kutisha. Juu juu inafanana na Grand Theft Auto, kwa kuwa ina wahalifu, mji wa usiku na ngumi za barabarani, lakini eneo lake kuu ni mitaa michache tu, lililoigwa kutoka Kabukicho, mtaa wa starehe wa Tokyo, na huwezi kuiba gari wala kumpiga mpita njia asiye na hatia. Badala ya upana, mchezo unakupa kina: kila kichochoro kina mtu mwenye shida yake, kila ghorofa ina mgahawa wenye orodha kamili ya vyakula, na ukiingia kwenye ukumbi wa michezo utakuta OutRun na Space Harrier, michezo halisi ya Sega ya miaka ya 1980, unayoweza kuicheza hadi ukasahau kilichokuleta mjini. Baada ya majuma mawili utaijua mitaa hiyo kama unavyoijua ya kwenu, jambo ambalo ramani kubwa za Magharibi hulitoa kwa nadra. Kwa sababu hiyo nauona kuwa daraja bora kuliko mwingine wowote.

Persona 5 Royal nayo husifiwa sana, na inastahili, lakini usianze nayo. Inafuata kalenda ya mwanafunzi wa sekondari mjini Tokyo kuanzia Aprili, mwezi ambao mwaka wa masomo wa Japani huanza, na kila alasiri hukulazimisha kuchagua kati ya kusoma, kufanya kibarua au kukaa na rafiki. Huzidi saa 100 bila taabu. Ihifadhi kwa msimu wa mvua.

Kabla ya kuanza, rekebisha mipangilio. Michezo niliyoitaja haina Kiswahili, hivyo utahitaji Kiingereza, Kifaransa au lugha nyingine unayoisoma kwa wepesi, kwa maana usomaji ni mwingi. Chagua sauti za Kijapani ukiweza. Dragon Quest XI ilipotoka Japani mwaka 2017 haikuwa na sauti za waigizaji hata kidogo. Za Kiingereza ziliongezwa mwaka 2018 kwa ajili ya soko la Magharibi, na za Kijapani zikafuata mwaka mmoja baadaye. Yakuza ya kwanza ililetwa Magharibi mwaka 2006 na waigizaji wa Kiingereza, lakini matoleo kadhaa yaliyofuata yalibaki na sauti asilia na maandishi chini ya skrini, na kwa maoni yangu hapo ndipo yalipopata ladha yake. Angalia pia vitufe. Mwalimu wa Japani huchora duara kwenye jibu sahihi, pale ambapo mwalimu wetu angeweka alama ya vema, na huweka mkasi, yaani alama ya X, kwenye kosa. Ndiyo maana katika michezo ya PlayStation ya Japani duara lilikuwa la kukubali na mkasi wa kukataa, kinyume na matoleo ya Magharibi. PlayStation 5 ya mwaka 2020 ilifanya mkasi uwe wa kukubali duniani kote, lakini ukicheza diski za zamani kutoka Japani utafuta mambo mengi kabla vidole havijazoea.

Sasa cheza, na katika saa tano za mwanzo zungumza na kila mtu kijijini. Michezo ya Magharibi ya miaka ya karibuni imetuzoesha mshale unaoonyesha njia, ilhali mkondo wa Horii huficha maelekezo midomoni mwa bibi kizee kando ya kisima au mlinzi wa lango. Ukitoka kijiji kimoja kwenda kingine, rudia mazungumzo, kwa sababu watu hubadili maneno kadiri hadithi inavyosonga. Usikimbie mapigano madogo, maana ndiyo yanayokuza kikosi; mchezaji anayeyakwepa yote hufika kwa jitu kubwa akiwa dhaifu, akapigwa mara tatu, akalaumu mchezo. Ukipigwa, kwanza kagua silaha na mpangilio wa kikosi, kisha ndipo uende kuongeza ngazi. Hifadhi kazi yako kila unapopata nafasi, kwani baadhi ya michezo haihifadhi popote isipokuwa kanisani, kambini au penye alama maalumu.

Kuhusu ugumu, tahadhari na dhana kwamba Wajapani hupenda mateso kuliko wengine. Historia yake imepinda. Super Mario Bros. 2 ya Japani ya mwaka 1986 ilionekana ngumu mno kwa Wamarekani, wakapewa mchezo mwingine kabisa uliobadilishwa wahusika. Lakini Contra: Hard Corps ya mwaka 1994 ilifanywa ngumu zaidi Marekani, ambako risasi moja iliua, wakati mchezaji wa Japani alivumilia kadhaa. Marekani watu waliweza kukodi michezo madukani, jambo ambalo Japani halikuruhusiwa, na mchezo uliomalizika ndani ya siku mbili za kukodi haukuwa na mnunuzi. Ukitaka ugumu wa kisasa, ipo kazi ya Hidetaka Miyazaki wa kampuni ya FromSoftware, kuanzia Demon's Souls ya mwaka 2009 hadi Elden Ring ya mwaka 2022. Humo wachezaji husaidiana bila kuongea, kwa kuachiana ardhini ujumbe uliotungwa kutokana na maneno machache yaliyowekwa tayari. Usome ujumbe huo kwa makini, ukijua kwamba wengine hudanganya kwa makusudi.

Ukibahatika kufika Tokyo, ingia katika ukumbi wa michezo. Ghorofa ya chini kwa kawaida imejaa mashine za kunyakua wanasesere, na michezo ya ngumi iko juu. Uwe na sarafu za yeni 100, kwani ndizo mashine nyingi zilizozoea. Wapinzani huketi kwenye mashine mbili zilizopeana mgongo, hivyo mtu aweza kupigwa mara kumi bila kuuona uso wa aliyempiga. Marekani wachezaji walisimama bega kwa bega na kuweka sarafu juu ya mashine ili kushika zamu, desturi iliyo karibu zaidi na ya vibanda vyetu, ambako anayefungwa hupisha na watazamaji hutoa maoni hata wasipoombwa. Huko Tokyo usishangilie juu ya kichwa cha mtu. Mikado, ukumbi wa michezo ya zamani uliopo Takadanobaba, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Imebaki habari ya fedha. Michezo mingi ya simu ya Kijapani ni ya bure kuipakua lakini hukuuzia bahati nasibu ya wahusika, mtindo ulioshamiri zaidi baada ya Puzzle & Dragons ya mwaka 2012; mwaka huo huo serikali ya Japani ilipiga marufuku aina yake mbaya zaidi, iliyomtaka mchezaji akusanye seti nzima ya vitu vya bahati nasibu ili apate tuzo. Weka kikomo cha matumizi kabla ya kuingiza kadi ya benki au namba ya simu. Kwa diski na kadi za michezo zilizotumika, PlayStation 4, PlayStation 5 na Switch ya Nintendo hukubali michezo ya nchi yoyote, lakini soma nyuma ya kasha uone kama kuna Kiingereza, na uangalie alama ya umri: A ni kwa wote, B, C na D ni kuanzia miaka 12, 15 na 17, na Z ni ya watu wazima kuanzia miaka 18. Nyongeza za mtandaoni zinunuliwe kwa akaunti ya nchi ulikotoka mchezo wenyewe, la sivyo kwa kawaida hazitakubali kufanya kazi.