Kabla hujaenda mahakamani kutafuta faili la dereva aliyeshtakiwa kwa ulevi: mambo ya kuzingatia Uganda

Wanaotafuta kumbukumbu za namna hii ni watu wa aina nyingi. Yupo mwenye malori anayetaka kumkabidhi dereva gari la mzigo kutoka Mombasa hadi Juba, na amesikia fununu kwamba mtu huyo aliwahi kushikwa akiwa amelewa. Yupo mjane ambaye mumewe aligongwa kando ya barabara ya Jinja, na kampuni ya bima inamwambia alete karatasi za mahakama. Yupo pia dereva mwenyewe, aliyelipa faini yake zamani akamaliza, lakini kila akiomba kazi jambo lile linaibuka naye hana maandishi ya kulieleza. Wote wana sababu ya haki ya kuuliza. Shida ni kwamba wengi hufika mahakamani na jina la mtu tu, na kwa jina tu hawafiki mbali. Mahakama za mahakimu hupanga kesi kwa namba na tarehe, na kila mahakama ina vitabu vyake. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya safari: ujue kituo cha polisi, ujue tarehe, na ikiwezekana upate namba.

Kwanza hakikisha kwamba kesi ilifika mahakamani kweli. Kushikwa usiku wa Ijumaa kwenye Kawunyemu, ule msako wa polisi dhidi ya madereva walevi, bado si kushtakiwa. Askari wa trafiki humpulizisha dereva kipima ulevi, na sheria imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Anayezidi hapo hupelekwa kituoni, na kuanzia kituoni njia huachana. Huenda akapewa dhamana ya polisi, kisha faili likafungwa kwa kukosa ushahidi. Huenda faili likaenda kwa mwendesha mashtaka akaona linafaa, ndipo hati ya mashtaka ikaandikwa. Makosa mengine ya barabarani humalizwa kwa tiketi ya EPS, yaani faini ya papo kwa papo: dereva analipa benki na mambo yanaishia hapo, na mahakamani hakuna faili lolote utakalolikuta. Anayekuambia "fulani ana kesi ya ulevi" mwulize alipelekwa mahakama gani na lini. Akishindwa kujibu, alichokuletea ni habari za kijiweni, na mtu asinyimwe kazi kwa habari za kijiweni.

Jambo la pili ni mahakama yenyewe. Kesi hufunguliwa kufuatana na mahali kosa lilipotendeka, na makazi ya mshtakiwa hayahusiki. Dereva wa Kawempe aliyeshikwa karibu na Lugazi utamtafuta Lugazi, hata kama maisha yake yote yako Kampala. Aliyeshikwa Malaba anaweza kuwa alisomewa shtaka Tororo. Ndani ya Kampala ndiko watu wanakochanganyikiwa zaidi, kwa kuwa mahakama za mahakimu ziko nyingi: Buganda Road, Nakawa, Makindye, Mengo na nyinginezo, na kila moja hupokea kesi za vituo vyake. Njia ya uhakika ni kwenda kwanza kwenye kituo cha polisi kilichomshika, ofisi ya trafiki, na kuuliza kwa adabu: "Afande, faili hili lilipelekwa mahakama gani?" Swali fupi kama hilo hujibiwa mapema kuliko maelezo marefu ya familia nzima.

Kwenye tarehe, Katiba inakusaidia. Kifungu cha 23 kinataka mtu aliyekamatwa kwa kosa la jinai, kama hajaachiwa, afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ukijua usiku aliokamatwa, unajua pia siku za kuanza kuangalia. Aliyeshikwa Ijumaa usiku na kulala ndani, anza na Jumatatu. Aliyepewa dhamana ya polisi ni habari nyingine: huenda alisomewa shtaka wiki kadhaa baadaye, au hakusomewa kabisa, kwa hiyo panua miezi ya utafutaji wako.

Sasa namba, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi hupoteza siku nzima. Polisi wana namba zao na mahakama ina yake. Tukio likiripotiwa kaunta, linaingizwa kwenye kitabu cha kituo na kupewa namba ya SD. Kama kulikuwa na ajali, linaingia kwenye rejista ya ajali na kupata namba ya TAR. Faili la jinai likifunguliwa, linapata namba ya CRB, ya kitabu cha kesi za jinai. Mahakama hutoa namba yake siku hati ya mashtaka inaposajiliwa, na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye jalada la faili unalolitaka. Usikate tamaa kama huna ya mahakama. Namba ya CRB huandikwa juu kwenye hati ya mashtaka, kwa hiyo karani mwenye CRB na tarehe ana pa kuanzia. Nyumbani, angalia kwenye karatasi ya dhamana ya polisi, ripoti ya ajali iliyopelekwa bima, au risiti ya faini. Mara nyingi namba unayoihangaikia iko kwenye bahasha ile ile ya bima tangu mwanzo.

Jihadhari pia na jina la kosa. Kwa Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, kuendesha ukiwa umelewa ni kosa linalojitegemea, lakini mtu aliyelewa akaua hushtakiwa kwa kosa zito zaidi, la kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, na ulevi wake ukaonekana ndani ya maelezo na ushahidi tu. Mwingine alishikwa amelewa, akashtakiwa kwa uendeshaji wa ovyo kwa sababu ushahidi wa kipimo haukusimama. Ukipitisha macho kwenye rejista ukitafuta neno "ulevi" pekee, wote hao watakupita. Tena, toleo jipya la sheria za Uganda lilianza kutumika Julai 1, 2024, na namba za sura na vifungu vingi zikabadilika. Kifungu kilichoandikwa kwenye faili la 2019 huenda kisilingane na kilichomo katika kitabu cha leo, na hilo halina maana kwamba hati ni ya kughushi.

Je, haya yote hayawezi kumalizwa kwenye simu? Kwa sehemu. Tovuti ya ULII hutoa bure sheria na hukumu za Uganda, lakini zilizojaa humo ni za Mahakama Kuu na zilizo juu yake. Kesi ya ulevi iliyoishia kwa hakimu si rahisi kuikuta humo, isipokuwa upande mmoja wa kesi ulikata rufaa Mahakama Kuu, na muda wa kutoa notisi ya rufaa ni siku 14. Mfumo wa kielektroniki wa mahakama, ECCMIS, ulizinduliwa Machi 2022 na umekuwa ukisambazwa mahakama moja baada ya nyingine, kwa hiyo faili la zamani bado ni la karatasi. Tovuti ya Mahakama hutoa orodha za kesi zinazosikilizwa, na nakala zake hubandikwa kwenye ubao wa mahakama. Hizo zinafaa kwa kesi inayoendelea. Zile tovuti zinazodai zitakuchimbulia rekodi za mtu yeyote kwa dola chache hazina vitabu vya Lugazi wala vya Tororo. Usizilipe.

Kuhusu haki yako ya kuona, tofautisha mambo matatu. Kesi husikilizwa hadharani chini ya kifungu cha 28 cha Katiba, kwa hiyo unaweza kukaa ndani ya ukumbi ukasikiliza, hata kama hakuna mtu unayemjua pale. Mshtakiwa mwenyewe, au mtu aliyemruhusu, ana haki kubwa zaidi: baada ya hukumu anastahili nakala ya mwenendo wa kesi akilipa ada iliyowekwa. Asiyehusika moja kwa moja atategemea kifungu cha 41, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005. Sheria hiyo haigusi kumbukumbu za kesi ambayo haijakwisha. Iliyokwisha unaweza kuiombea, na muda wa kujibiwa ni siku 21. Kwa mwenye malori ushauri wangu ni mmoja: usizunguke nyuma ya dereva. Mwambie alete nakala mwenyewe, au akuandikie ruhusa na kuitia sahihi. Utaipata mapema, na hamtaanza kazi mkiwa mmeviziana.

Ombi liwe la maandishi, kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mahakama, na faili lote utalikuta kwa lugha hiyo. Kama Kiingereza ni kizito kwako, tafuta mtu wa kukusaidia kuandika na kusoma kabla ya siku yenyewe. Barua ielekezwe kwa Hakimu Mkuu wa mahakama hiyo. Itaje jina la mshtakiwa kama lilivyoandikwa kwenye shtaka, namba ya kesi au CRB, tarehe, kosa, uhusiano wako na kesi, na kama unataka kusoma tu au unataka nakala iliyothibitishwa. Toa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe, uondoke nayo.

Siku ya kwenda, wahi asubuhi na uwe na kitambulisho cha taifa au pasipoti. Ndani ya masijala utakutana na vitabu vikubwa vya rejista, vimechorwa safu kwa mkono: namba, tarehe, jina, kosa, na mwisho kabisa kesi ilivyoishia. Ile safu ya mwisho mara nyingine iko wazi hata kama kesi iliisha miaka mingi iliyopita, kwa hiyo usitosheke na rejista, omba faili. Ada ya nakala hulipwa kwa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, benki au kwa simu. Pesa taslimu mikononi mwa mtu haina risiti, na bila risiti huna cha kudai.

Ukishalipata faili, lisome lote. Watu wengi wenye kesi hizi hukiri siku ya kwanza, kwa hiyo usishangae kulikuta jembamba: hati ya mashtaka, maandishi ya hakimu kwa kalamu, adhabu, risiti. Kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka ni madai ya serikali. Tafuta mahali hakimu alipoandika kwamba mshtakiwa amepatikana na hatia, au ameachiwa, au shtaka limeondolewa. Kesi iliyofutwa kwa sababu mashahidi hawakuja haimfanyi mtu kuwa na hatia, na anayeibeba kama ushahidi wa ulevi anamdhulumu mwenzake.

Hakikisha pia ni yeye. Majina ya Uganda hayana mpangilio mmoja, jina la dini linaweza kutangulia au kufuata, herufi L na R hubadilishana, na watu wawili wenye majina yale yale katika wilaya moja ni jambo la kawaida. Linganisha umri, makazi, kazi na namba ya pamiti (leseni ya udereva) kabla hujafungua mdomo. Na ukishajua, usipige picha ukurasa ukaurusha kwenye kundi la WhatsApp la madereva. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu, na ndani ya faili yamo ya mashahidi na majeruhi pia. Kama mshtakiwa alikuwa mtoto, kesi ilisikilizwa faragha na utambulisho wake haupaswi kutolewa kabisa.

Mafaili ya zamani huhamishiwa stoo. Ukiambiwa halionekani, omba litafutwe huko, na uache namba yako ya simu. Likiwa bado halionekani, au mtu akitaka "chai" ndipo alione, andika kwa Hakimu Mkuu ukiambatanisha ile barua yako yenye muhuri. Kisha peleka nakala kwa Ukaguzi wa Mahakama, kitengo cha Mahakama kinachopokea malalamiko dhidi ya maofisa na wafanyakazi wake.