Fleshi imejaa magemu ya zamani, sasa unaanzia wapi?

Kwanza tuelewane tatizo liko wapi. Magemu ya zamani ni madogo balaa, Super Mario Bros ya 1985 ni kilobaiti 40 tu, picha uliyotumiwa WhatsApp asubuhi inaizidi, sa ukimpelekea fleshi yule jamaa wa mjini anayejaza nyimbo na muvi ukamwambia "nitupie na magemu" yeye hakuchagulii, anakutupia folda zima la Nintendo, PS1 na PSP, unapanda zako daladala ya Igoma na magemu ambayo hata mjukuu wako hayamalizi. Kwaiyo usijilaumu kwamba mvivu, hiyo orodha hukuipanga wewe.

Anza kwa kutoa yasiyo na mwisho. Winning Eleven, Tekken 3, hayo sio viporo (magemu uliyoanza ukayaacha njiani), hayo ni ya wana wakija geto, yaweke pembeni yasikuongezee hesabu.

Yaliyobaki chagua mawili tu, moja refu na moja fupi. Fleshi rudisha kwenye droo. Refu kama GTA San Andreas ya PS2, misheni zake tu bila kuzurura zinakula kama masaa 30, yani ukipata lisaa kila siku ukitoka kazini mwezi umeisha, na nani alishawahi kucheza lile gemu bila kuzurura? Ndo maana marefu mawili kwa pamoja hapana. Fupi mimi nakupa Shadow of the Colossus ya 2005, majitu 16 basi, hakuna vijiadui vya kukuchelewesha njiani, usiku mmoja jitu moja unalala.

Angalia pia unachezea nini. PPSSPP, yani emuleta (app inayoigiza mashine ya gemu), kwenye simu ya kawaida inakimbiza magemu mengi ya PSP freshi, PS2 inataka simu yenye nguvu au mashine yenyewe. Na kwenye mashine yenyewe kuna ishu ya umeme, San Andreas unasevu nyumbani tu sio popote, ukikata uko katikati ya misheni imekula kwako. Emuleta inasevu hapo hapo ulipo, kwaiyo gemu la safari liwe la simu. Meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio ni kama masaa matatu, chaji ikiwa imejaa unapiga hatua ya maana. (Zamani hata foleni ya kivuko Kigongo ilikuwa inatosha kuua bosi mmoja, yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua, ila toka daraja lifunguliwe Juni 2025 hata menyu haijafunguka ushafika Busisi.)

Sasa hili watu wengi wanalidharau, andika ulipoishia. Magemu ya zamani mengi hayakukumbushi chochote, ukiliacha wiki mbili ukirudi unazunguka kwenye korido hujui ulikuwa unatafuta nini, unaboeka, unafungua jingine, ndo kiporo kinavozaliwa. Mistari miwili kwenye simu inatosha: "funguo ya bluu ninayo, mlango uko chini karibu na ngazi, risasi 4, usirudi kwa yule mzee." Basi. Andika kabla hujazima, sio kesho.

Na ukikwama dakika ishirini kaangalie YouTube, usione aibu. Enzi zile gemu lilikuja na boksi na kitabu chake, wewe una faili tupu. Metal Gear Solid ya 1998 kuna sehemu unaambiwa masafa ya redio ya Meryl, mwanadada wa humo kwenye gemu, yako nyuma ya kava la CD, kweli kabisa, kava la CD lenyewe la dukani, na wewe kava huna. (Ni 140.15, nimekuokoa.) Watu wamezunguka pale mpaka wakafuta gemu zuri kinoma.

Kufuta nako ruksa, ila lipe gemu nafasi mpaka bosi wa kwanza, maana pedi za zamani zinahitaji mkono uzoee. Ukimuua na bado huna mzuka wa kuendelea, futa, ingiza linalofuata.

Afu akitokea mtu na eksternali yake anakwambia ana PS2 nzima humo, usichukue folda. Muulize gemu gani amelimaliza mwenyewe akatamani kurudia, chukua hilo moja.